Eneo la Tukio na Safari ya Kielelezo

Eneo la tukio la jinai hukaguliwa katika hali yake halisi mara moja tu. Shahidi anaweza kuitwa tena ahojiwe upya, na mtuhumiwa anaweza kukamatwa baada ya miaka. Lakini sakafu ikishapigwa deki, mvua ikishanyesha uani na maiti ikishapelekwa mochwari, hakuna mpelelezi awezaye kuirudisha hali ya asubuhi ile. Kwa hiyo saa chache za mwanzo huamua mambo ambayo miezi ya mahojiano haiwezi kuyafidia. Kesi huanguka mahakamani huku kijiji kizima kikiamini kwamba aliyeshtakiwa ndiye, kwa sababu tu kitu kilichomhusisha na kosa kiliharibika, kilichanganyika na vingine, au kilipita mikononi mwa watu ambao hawakuandikwa popote. Upande mwingine ni mzito zaidi: kielelezo kilichochafuliwa kinaweza kumfunga asiyehusika.

Msingi wa kazi hii uliwekwa na Mfaransa Edmond Locard, aliyeanzisha maabara ya polisi katika mji wa Lyon mwaka 1910 ndani ya vyumba viwili vya darini katika jengo la mahakama. Hoja yake ilikuwa kwamba vitu viwili vikigusana, kila kimoja humwachia mwenzake chochote na huondoka na chochote. Aliyevunja dirisha hutoka na chembe za kioo kwenye mikunjo ya suruali. Aliyekaba mtu huacha seli za ngozi yake shingoni mwa aliyekabwa, na pengine huacha nyingine chini ya kucha za mtu huyo alipokuwa akijitetea. Kanuni hii haimchagui mhalifu. Askari, daktari, jirani na mwandishi wa habari nao huacha na kuondoka na chochote, na hapo ndipo matatizo mengi ya eneo la tukio yanapoanzia.

Kabla Locard hajafungua maabara yake, afisa mmoja wa Argentina alikuwa ameshaonyesha namna ya kukitendea kielelezo. Juni 1892, katika mji wa Necochea, watoto wawili waliuawa nyumbani kwao na mama yao akamtaja jirani. Jirani alikamatwa na kubanwa, asikiri. Inspekta Eduardo Álvarez alipokagua upya, aliona mlangoni alama ya kidole gumba iliyoachwa na damu. Aliukata kwa msumeno ubao wenye alama ile, ikalinganishwa na vidole vya mama mwenyewe kwa mfumo uliobuniwa na Juan Vucetich wa polisi wa La Plata. Zilioana. Mama alikiri na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Hadi leo, pale inapowezekana, kuondoka na kitu chenyewe kilichobeba alama ni bora kuliko kuinyanyua alama na kukiacha kitu.

Uzio, daftari na kanga

Afisa wa kwanza kufika huangalia uhai kabla ya ushahidi. Majeruhi anayepumua hubebwa hospitali hata kama kumbeba kunavuruga alama za miguu. Kinachotakiwa ni kuandika nani aliingia, alipitia wapi na alisogeza nini. Nguo iliyokatwa na wauguzi ili kumtibu majeruhi ni kielelezo, na mkato wa mkasi usipoandikwa unaweza kuja kudhaniwa kuwa tundu la kisu.

Baada ya hapo eneo huzingirwa. Wapelelezi wazoefu huanza na eneo pana kuliko linaloonekana kuhitajika, kwa kuwa kulipunguza ni rahisi, lakini kulipanua baada ya watu kukanyaga ni kazi bure. Mauaji ya chumbani yana uani, choo cha nje, kichochoro alichopitia muuaji, shimo la taka alikotupa panga, na pengine bomba alikonawia mikono. Utepe ukikosekana, kamba ya katani inatosha. Ndani ya uzio huachwa njia moja ya kuingilia na kutokea, ile ambayo mhalifu hakuelekea kuitumia, na hapo husimama askari mwenye daftari: jina, cheo, saa ya kuingia, saa ya kutoka na sababu. Cheo hakimpi mtu ruhusa ya kupita bila kuandikwa. Kiongozi anayefika kutoa pole na msafara wake hupokelewa nje ya uzio, na askari anayemzuia kwa heshima anastahili kuungwa mkono na wakubwa wake.

Afrika Mashariki ina desturi moja ambayo mpelelezi hana budi kuiheshimu na kuizuia kwa wakati mmoja: maiti haiachwi wazi. Jirani huingia ndani, huchukua kanga au shuka la kitandani, akamsitiri marehemu. Ni utu, wala hakuna sababu ya kumkaripia aliyefanya hivyo. Lakini kanga ile imelaliwa, imefungwa kiunoni, imembebea mtoto. Ina nywele na nyuzi za kaya nzima, na zote hushuka juu ya mwili na kuchanganyika na zile alizoacha muuaji. Njia inayofaa ni kuzungushia turubai au pazia bila kuugusa mwili. Ikibidi kufunika, hutumika karatasi safi au shuka jipya lililotolewa kwenye pakiti papo hapo. Na kanga iliyokwisha kutumika haitupwi. Nayo hukusanywa, ikaandikwa ilitoka chumba gani na nani aliileta.

Kosa hilo halina nchi. Juni 1994 mjini Los Angeles, mwili wa Nicole Brown Simpson ulifunikwa kwa blanketi lililotolewa ndani ya nyumba yake. Utetezi wa O.J. Simpson, aliyekuwa mumewe, ukapata hoja iliyokuwa vigumu kuijibu: Simpson alikuwa ameshafika katika nyumba ile mara nyingi, kwa hiyo nywele zilizofanana na zake huenda zililetwa na blanketi.

Kuandika kabla ya kugusa

Hakuna kinachoguswa kabla hakijapigwa picha. Picha huanzia mbali, kwenye barabara inayoelekea nyumba ile, kisha chumba kutoka kila pembe, kisha kila kitu pamoja na vilivyo jirani nacho, mwisho kitu peke yake kwa karibu. Picha ya karibu hupigwa mara mbili, kwanza kama kitu kilivyo, halafu rula ikiwa kando yake. Bila rula, kiatu namba 42 na namba 44 hufanana pichani. Kamera huelekezwa moja kwa moja juu ya alama, maana ikiinama vipimo hupotoka. Alama ya kiatu kwenye vumbi humulikwa kwa tochi kutoka ubavuni, karibu na ardhi, ili vivuli vionyeshe mistari ya soli.

Picha hudanganya kuhusu umbali, na ndiyo maana mchoro bado unahitajika. Kila kitu hupimwa kutoka kwenye nukta mbili zisizohama, kama kona ya nyumba na nguzo ya umeme. Gari lililoegeshwa halifai. Mchoraji huandika nani alimwonyesha nini, kwa sababu mara nyingi yeye hakuwapo na anachochora ni maelezo ya shahidi.

Katika kesi za usiku, jambo moja huachwa mara kwa mara na baadaye huigharimu Jamhuri: mwanga. Tangu uamuzi wake maarufu wa mwaka 1980 kuhusu utambuzi wa macho, Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekuwa ikitaka kujua shahidi alikuwa umbali gani na mshambuliaji, alimwona kwa muda gani, mwanga ulikuwaje, na kama alimfahamu kabla. Koroboi iliyokuwa juu ya kabati, balbu ya kibarazani, taa ya sola iliyokuwa ikififia, vyote ni sehemu ya eneo la tukio. Hupigwa picha, huandikwa nguvu ya mwanga wake, na umbali wake na mahali aliposimama shahidi hupimwa kwa futikamba. Miaka mitatu baadaye, wakili wa utetezi akiuliza kuhusu taa ile, shahidi aliyeshasahau hatakuwa na pa kuegemea.

Pamoja na hayo huandikwa mambo ambayo kamera haiyaoni: harufu ya mafuta ya taa, chai iliyokuwa bado vuguvugu, mlango uliokuwa umerudishiwa tu bila kufungwa, mvua iliyokatika alfajiri.

Kuokota

Uwanjani wapelelezi hujipanga mstari na kutembea pamoja. Chumbani hugawana sehemu, kila mmoja na yake. Mpangilio wowote unafaa mradi hakuna hatua iliyorukwa. Anayeokota anatakiwa awe mmoja kadiri iwezekanavyo, ili mahakamani awepo mtu wa kusema kitu kilikuwa wapi na yeye alikifanya nini.

Kinachotangulia kuokotwa ni kile ambacho mvua, jua, upepo, kuku au mbwa watakimaliza mapema. Alama ya kiatu kwenye udongo hufunikwa kwa beseni lililogeuzwa hadi itakapopigwa picha na kumiminiwa plasta. Mikono ya marehemu huvikwa mifuko ya karatasi na kufungwa kwenye vifundo kabla mwili haujanyanyuliwa, ili kilicho chini ya kucha kisidondoke njiani. Mtu aliye hai anayeshukiwa kufyatua bunduki huchukuliwa sampuli mapema, maana chembe za baruti hupukutika ndani ya saa chache kwa kunawa, kujifuta au kuingiza mikono mifukoni.

Damu ndiyo kielelezo kinachojulikana zaidi na kinachoharibiwa kwa urahisi zaidi. Adui yake ni unyevu. Nguo mbichi ikifungiwa kwenye plastiki, hasa katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, bakteria na ukungu huanza kazi mara moja na kuvila vinasaba vilivyotafutwa. Nguo hiyo hutandazwa kwenye karatasi safi, kivulini, ndani ya chumba kilichofungwa, ikakauka bila feni wala jua. Kisha hufungwa kwenye mfuko wa kaki, pamoja na ile karatasi iliyotandikiwa. Damu iliyokwisha kukauka ukutani hufutwa kwa kijiti cha pamba kilicholowanishwa kwa tone la maji safi ya maabara, na kijiti huachwa kikauke kabla ya kufungwa. Kijiti kingine hupitishwa kwenye sehemu ya jirani isiyo na doa, ili ijulikane ukuta wenyewe ulikuwa na nini. Glovu hubadilishwa kati ya kitu na kitu. Nguo za mtuhumiwa na za marehemu hazikaushwi chumba kimoja, wala hazibebwi ndani ya gari moja bila kufungwa, wala hazishikwi na afisa mmoja siku hiyohiyo.

Masharti haya yanaweza kuonekana ya kupindukia kwa asiyeijua habari ya Heilbronn. Aprili 2007, katika mji huo wa Ujerumani, polisi mwanamke alipigwa risasi na kufa ndani ya gari la doria, na mwenzake akajeruhiwa vibaya. Kwenye gari vilipatikana vinasaba vya mwanamke asiyejulikana. Vinasaba hivyohivyo vilikuwa vimeonekana katika mauaji mawili ya zamani, na baadaye katika wizi wa magari na uvunjaji wa nyumba, jumla ya matukio takriban 40 katika Ujerumani, Austria na Ufaransa. Ikatangazwa zawadi ya euro 300,000 kwa atakayesaidia kumpata. Wapelelezi walitumia miaka wakimsaka mwanamke ambaye hakuna shahidi aliyewahi kumwona. Mwaka 2009 vinasaba vyake vilijitokeza katika uchunguzi wa nyaraka za mwanamume, mahali ambapo haikuwezekana kabisa viwepo, na hapo ndipo macho yalipogeukia vijiti vya pamba. Vilikuwa vimechafuliwa na mfanyakazi mwanamke kiwandani vilikotengenezwa na kufungwa. Vijiti vilikuwa vimeuliwa vijidudu, lakini kuua vijidudu hakuondoi vinasaba. Mwaka 2016 Shirika la Viwango la Kimataifa lilitoa kiwango cha ISO 18385, kinachohusu vifaa vya kukusanyia sampuli za vinasaba visichafuliwe tangu kiwandani. Ukweli kuhusu mauaji ya Heilbronn ulianza kujulikana Novemba 2011, bastola za askari wale wawili zilipokutwa katika gari la magaidi wa mrengo wa kulia waliokufa mjini Eisenach.

Alama za vidole zisizoonekana kwa macho ni jasho na mafuta ya ngozi. Kwenye kioo au meza iliyong'arishwa hupakwa unga laini kwa brashi, kisha hunyanyuliwa kwa utepe wa gundi na kubandikwa kwenye kadi. Karatasi hazipakwi unga uwanjani. Hundi na barua za vitisho hupelekwa maabara zikatiwe ninhidrini, kemikali inayozigeuza asidi amino za jasho kuwa rangi ya zambarau. Vitu vya plastiki hufukizwa kwa mvuke wa sianoakrileti, kemikali ileile iliyomo ndani ya supagluu ya madukani.

Silaha ya moto haichomekwi kalamu mdomoni kama inavyoonekana kwenye filamu. Ndani ya mtutu mna mikwaruzo itakayolinganishwa na risasi, na huenda mna damu iliyorukia nyuma. Hushikwa sehemu zenye mikwaruzo ya kushikia, ambazo kwa kawaida hazibaki na alama nzuri ya kidole, ikatolewa risasi na mtu mwenye ujuzi huo, namba zake zikaandikwa palepale. Maganda ya risasi hufungwa kila moja peke yake, kwa sababu yakigongana alama iliyoachwa na pini huharibika.

Moto una kanuni iliyo kinyume na ya damu. Petroli na mafuta ya taa hugeuka mvuke, na mfuko wa karatasi huuachia utoroke. Hata plastiki ya kawaida huupitisha. Udongo au kitambaa kinachonukia mafuta hufungwa kwenye kopo la chuma lenye kifuniko kinachobana, au chupa ya kioo yenye mdomo mpana, bila kujazwa hadi juu. Mpelelezi aliyefundishwa tu kwamba kielelezo hufungwa kwa karatasi ataipoteza kesi ya uchomaji wa nyumba kwa nia njema kabisa.

Katika makosa ya kubaka, eneo la kwanza la tukio ni mwili wa aliyetendewa, na hapo utu hutangulia kila kitu. Kwa silika mtu hutaka kuoga na kuchoma nguo alizovaa, na hakuna anayeweza kumlaumu. Anayemsaidia anapaswa kumweleza kwa upole kwamba kwenda hospitali au kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachowahudumia waliofanyiwa ukatili, kabla ya kuoga kunaokoa ushahidi, na pia kunamwezesha kupata kwa wakati dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, ambazo hutakiwa kuanza ndani ya saa 72. Akiwa ameshabadili nguo, alizovua huwekwa kwenye mfuko wa kaki bila kufuliwa. Akiwa ameshaoga, bado aende.

Simu ya mkononi siku hizi ina ushahidi mwingi kuliko chumba kizima, na kuiharibu ni kitendo cha sekunde moja. Iliyozimika haiwashwi. Inayowaka hutengwa na mtandao kwa kuwekwa kwenye hali ya ndege au ndani ya mfuko maalumu unaozuia mawimbi, maana mwenye simu aliye mbali anaweza kufuta kila kitu kwa amri moja. Kupekua picha na meseji palepale kwa udadisi hubadilisha kumbukumbu za saa ndani ya simu, na mabadiliko hayo huonekana. Mtaalamu hunakili kumbukumbu yote na kufanya kazi kwenye nakala, akiithibitisha nakala hiyo kwa hesabu maalumu inayozaa mfuatano wa tarakimu na herufi. Herufi moja ikibadilika ndani ya data, mfuatano huo hubadilika wote. Tanzania, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaitaka mahakama ipime namna data ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyodumishwa bila kuguswa. Kwa kamera za usalama, jambo la kwanza ni kulinganisha saa ya mashine na saa halisi na kuandika tofauti. La pili ni kuwahi, kwa kuwa mashine nyingi hufuta rekodi za zamani zenyewe baada ya siku kadhaa.

Mikono iliyokishika

Kitu kilichookotwa vizuri bado kina safari ndefu. Hufungwa, hutiwa lakiri au utepe unaochanika ukifunguliwa, na sahihi huwekwa ikikatiza mpaka wa utepe na mfuko ili ufunguzi wowote ujionyeshe. Lebo hubeba namba ya jalada, kitu chenyewe, mahali kilipookotwa, tarehe, saa na jina la aliyekiokota. Anayeufungua mfuko kwa sababu ya kazi huukata upande mwingine, bila kuigusa lakiri ya mwanzo, kisha hufunga kwa lakiri yake na kusaini.

Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai humtaka askari anayekamata mali atoe risiti, isainiwe na mwenye mali au mwenye eneo na mashahidi waliokuwapo. Kwa kawaida mashahidi hao ni mwenyekiti wa mtaa au kijiji, mjumbe, au jirani asiye na upande. Amri Kuu ya Polisi namba 229 huongoza utunzaji wa vielelezo kituoni. Sampuli za vinasaba, sumu na dawa za kulevya huenda kwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na vinasaba vina sheria yake tangu mwaka 2009. Kila kielelezo kinapohama mkono, aliyetoa na aliyepokea husaini wote wawili.

Uzito wa utaratibu huo ulielezwa na Mahakama ya Rufani katika rufani ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, ambayo imekuwa ikitajwa katika hukumu nyingi baada yake. Mahakama ilisema mnyororo wa utunzaji wa kielelezo ni kumbukumbu ya maandishi yenye kufuata mpangilio wa muda, inayoonyesha kukamatwa, kutunzwa, kudhibitiwa, kuhamishwa, kuchunguzwa na hatima ya kielelezo. Baadaye, katika rufani namba 485 ya mwaka 2015, Mahakama hiyohiyo ililegeza kidogo: kukatika kwa mnyororo hakuondoi kielelezo moja kwa moja pale ambapo kitu chenyewe hakimo hatarini kuharibiwa, kuchafuliwa au kuchezewa. Ni msimamo wa busara. Pikipiki yenye namba ya injini haibadilishwi kirahisi. Unga mweupe ndani ya kijifuko unaweza kubadilishwa ndani ya dakika moja, na kwa unga ule kila sahihi ni lazima.

Mfano wa kawaida ni bangi. Kifurushi kibichi kilichopimwa kituoni kikawa kilo 10 kinaweza kufika mezani kwa mkemia kikiwa pungufu, kwa sababu majani yamekauka. Mkemia akiandika uzito mpya bila neno, na mtunza vielelezo asipoulizwa, tofauti ile itasomwa mahakamani kama dalili ya wizi au ya kifurushi kilichobadilishwa. Maneno machache kwenye fomu ya makabidhiano, yakisema majani yalikuwa mabichi siku ya kukamatwa, hulimaliza jambo hilo.

Kesi ya Simpson ilionyesha gharama ya uzembe wa namna hiyo mbele ya dunia nzima. Muuguzi wa polisi alimtoa Simpson damu bila kuandika kiasi kamili. Utetezi ukadai kwamba takriban mililita 1.5 hazijulikani zilikokwenda. Mpelelezi aliyepokea kichupa hakukikabidhi stoo mara moja, bali alikibeba hadi nyumbani kwa Simpson ambako wakusanyaji walikuwa bado kazini. Sampuli nyingine za damu ziliachwa kwenye plastiki ndani ya gari lenye joto. Damu iliyokuwa kwenye geti la nyuma la nyumba ya Nicole ilikuja kukusanywa tarehe 3 Julai, wiki tatu baada ya mauaji. Vipimo vya vinasaba vilikuwa na nguvu kubwa, lakini utetezi uliwaelekeza wazee wa baraza wavitazame vichupa, tarehe na watu waliovibeba. Simpson aliachiwa huru tarehe 3 Oktoba 1995.

Stoo na muda

Chumba cha vielelezo kinahitaji mlango mmoja, funguo zenye mtu anayewajibika, rafu zilizo juu ya sakafu, ukavu, na jokofu lenye umeme wa akiba kwa sampuli za majimaji. Panya na mchwa ni tishio halisi kama walivyo wezi. Mjini Perugia, Italia, kishikizo cha sidiria ya mwanafunzi wa Kiingereza aliyeuawa Novemba 2007 kilionekana na kupigwa picha siku za mwanzo, kikaachwa sakafuni, kikaokotwa baada ya siku 46 kikiwa kimehama mahali pake. Baada ya kupimwa kilihifadhiwa ndani ya majimaji, kikashika kutu. Wataalamu walioteuliwa na mahakama ya rufani walipotaka kukipima upya mwaka 2011, hakikufaa tena. Machi 2015 mahakama ya juu ya Italia iliwaachia huru moja kwa moja washtakiwa wawili ambao mmoja wao alihusishwa na kishikizo hicho.

Vitu vinavyooza haviwezi kusubiri hukumu. Nyamapori iliyokamatwa huteketezwa kwa amri ya hakimu, na hati ya uteketezaji ndiyo huletwa mahakamani badala ya nyama. Katika rufani namba 385 ya mwaka 2017, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisisitiza kwamba mtuhumiwa lazima awepo mbele ya hakimu na asikilizwe kabla amri hiyo haijatolewa, na Amri ya 229 inataka picha zipigwe. Hati iliyopatikana bila yeye kuwapo haina thamani dhidi yake.

Hukumu ikishatoka na muda wa rufani kupita, mahakama huamua mali irudishwe kwa mwenyewe, itaifishwe au iharibiwe. Sampuli za mwili katika makosa makubwa yasiyopata ufumbuzi ni suala jingine, na hapo stoo nyingi hukosea kwa kutupa mapema. Mwaka 1983, karibu na mji wa Leicester, Uingereza, msichana wa shule alibakwa na kuuawa. Sampuli zikahifadhiwa ingawa sayansi ya wakati ule haikuweza kumtaja mhusika. Septemba 1984 Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester aligundua njia ya kutambua watu kwa vinasaba. Mwaka 1986 msichana wa pili aliuawa katika eneo lilelile, na kijana mmoja akakiri mauaji hayo ya pili. Jeffreys alilinganisha damu yake na sampuli za mauaji yote mawili: mhusika alikuwa mtu mmoja, na hakuwa kijana yule. Polisi waliwapima wanaume wapatao 5,000 wa vijiji vya jirani, na Januari 1988 Colin Pitchfork alihukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji yote mawili.